Simu ya Tarehe Kumi na Mbili

3 Februari

Kwako Kaka,

Nakusalimu wewe, wifi, watoto na mama yetu, na nikishamaliza salamu naomba usinicheke. Najua bahasha hii itakukuta na misumari mdomoni, kochi la mtu limelala chali mbele yako, na utamwita wifi aje aone maajabu: Kasuku ameandika barua! Ndiyo, ameandika. Mimi mzima, isipokuwa kichwa kinauma upande wa sikio la kushoto, lile la kazini.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Ni kweli, na bora nikueleze kuliko kukuzungusha. Tuko watu sitini kwenye ukumbi mmoja, kila mtu na kibanda chake kama cha kupigia kura, hedfoni kichwani, tunapokea malalamiko ya maji ya mikoa yote, hata ya huko kwenu. Maji hayatoki, maji yananuka, bomba limepasuka mbele ya geti, mita inazunguka yenyewe kama ina mashetani. Simu moja isizidi dakika nne. Wote tunaanza kwa maneno yaleyale na tunamaliza kwa yaleyale: "Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?" Napokea zaidi ya mia kwa siku, na wengi wanaanza kwa kunitukana.

Sasa nikitoka pale, simu yangu mwenyewe ikilia, hata kama ni ya heri, naisikia kama mteja mwingine anayekuja kunitukana. Nimeiviringisha kwenye taulo nikaitia kwenye droo ya nguo. Ikilia mle ndani nakaa kitandani nangoja inyamaze. Mama usimwambie hivyo, mwambie mtandao wa huku ni mbovu. Barua haina mlio. Inaningoja mpaka nipate nguvu ya kuifungua.

Habari njema ni kwamba nimepandishwa cheo. Sasa ni msimamizi wa zamu ya asubuhi, na simu zinazowashinda wenzangu zinaletwa kwangu. Watu wamenipongeza sana. Mama anaendeleaje na kile kikohozi?

Mdogo wako

21 Februari

Kwako Kasuku Msimamizi,

Tumepokea salamu, na mimi nimekucheka kama ulivyotabiri, mpaka nilipofika kwenye lile taulo. Hapo sikucheka. Wifi yako anakusalimu. Kitinda mimba ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kama filimbi. Mimi nimepata kazi ya viti thelathini na viwili vya ukumbi, vyote vimechanika mahali pamoja, sijui watu wale hukalia nini. Shemeji hajambo? Hukumtaja.

Sasa la mama. Si kikohozi. Tulimpeleka hospitali, na daktari, binti mmoja mwenye subira, akatuchorea koo nyuma ya karatasi ya dawa. Kuna uvimbe palepale sauti inapotoka. Atafanyiwa upasuaji tarehe 14 Mei, wautoe uvimbe pamoja na hicho kisanduku cha sauti. Ataishi, alisema, tena vizuri, ila atapumua kupitia tundu la shingoni na hatasema tena. Mimi nilimuuliza mara tatu kama nimemwelewa. Mama aliuliza mara moja tu: "Kwa hiyo mpaka Mei bado naweza kusema?" Akaambiwa ndiyo, ila sauti itazidi kukwaruza. Akasema basi muda upo.

Anataka kuongea na wewe. Mimi ananisema kila siku mpaka nimekinai. Anasema kuna maneno yako. Nikamwambia anipe niyaandike, akakataa, ati hayo ni ya mdomo. Kwa hiyo chagua moja: njoo, au itoe hiyo simu kwenye taulo. Lakini iwe KABLA YA TAREHE 14 MEI. Nimekuandikia kwa herufi kubwa makusudi.

Kaka yako

10 Machi

Kwako Kaka,

Salamu kwenu nyote, na umwambie kitinda mimba shangazi anamtunzia pipi ngumu atakapoota mengine. Huku hatujambo.

Barua yako niliisoma chooni kazini, maana ndipo mahali pekee pasipo na skrini. Nililia nikanawa uso nikarudi kwenye kiti, kwa sababu mapumziko yetu ni dakika kumi na tano na nilishatumia kumi na saba. Kaka, ninakuja. Nimejaza fomu ya likizo siku hiyohiyo na meneja ameidhinisha: kuanzia tarehe 20 Aprili, siku kumi na nne. Nimeiona sahihi yake kwa macho yangu. Mwambie mama asiyatumie maneno yangu kwa mtu mwingine, anitunzie.

Simu nitaishughulikia. Nisamehe kwanza.

Mdogo wako

1 Aprili

Kwako Kasuku,

Hatujambo sote. Viti vimekwisha, mgongo nao umekwisha.

Mama kasikia unakuja na amekuwa bahili wa maneno. Ananielekeza kwa kidole, chumvi kwa kidole, mlango kwa kidole. Nikimuuliza, anasema anakutunzia wewe. Wifi yako ameshafua mapazia ya chumba chako, na mimi nimeifumua ile sofa yako ya zamani nikaitia sponji mpya. Usikae karibu na mkono wa kulia, gundi bado haijakauka.

Sauti yake imebadilika sana. Juzi aliniita kutoka uani nikadhani ni mtu mgeni. Nimekueleza ili ukifika usishtuke mbele yake. Na shemeji anakuja pia, au unakuja peke yako? Nauliza kwa ajili ya godoro.

Kaka yako

30 Aprili

Kwako Kaka,

Najua tarehe uliyoiona hapo juu, na najua ilitakiwa niwe nimekaa kwenye sofa yako. Nimeanza barua hii mara nne.

Tarehe 17 walibadilisha mita za mji mzima, mpya zikaanza kusoma ovyo, na simu zikawa mara tatu. Meneja alituita sisi wasimamizi akasema likizo zote zimesitishwa mpaka mwisho wa Mei. Nikamweleza habari ya mama. Alisikiliza vizuri sana, Kaka, akainamisha kichwa pembeni, akasema: "Pole sana, naelewa unavyojisikia." Hayo ni maneno ninayowafundisha watu wangu kuwaambia wateja. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyaandika kwenye kile kijitabu. Nikajua hapo nimeshajibiwa.

Ungeniambia niache kazi nije. Nimeliwaza. Halafu zamu inaanza, foleni inaonyesha watu tisini wanangoja, na mguu wangu unakwenda wenyewe.

Jumapili niliitoa simu kwenye taulo. Nikaanza kubonyeza namba yako ili unipe mama. Nilibonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho. Nilikaa nayo mkononi mpaka skrini ikazimika. Nitajaribu tena Jumapili ijayo, na nyingine ipo kabla ya tarehe 14. Mwambie mama nampenda. Usimwambie mengine.

Mdogo wako

24 Mei

Kwako dada yangu mpenzi,

Leo nakuita hivyo na sikutanii. Upasuaji umepita salama. Mama amelazwa siku kumi zaidi na leo tumemrudisha nyumbani. Ana kitambaa cheupe shingoni kama anakwenda harusini, anakunywa uji kwa mrija, na amenunuliwa daftari la shule lenye mistari ambalo ameanza kulijaza kwa kunigombeza. Hati yake nzuri kuliko yangu.

Ila hasa nakuandikia kukushukuru. Nilikuwa nimekukasirikia, sitaficha. Ile barua yako ya Aprili niliikunja nikaitia chini ya sponji ya kochi la mteja na nikalishona, iko humo mpaka leo. Lakini tarehe 12 nilifika wodini na nguo zake nikamkuta amekaa wima, uso umetulia, akaniambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Nimeshaongea na Kasuku. Nimemaliza." Siku mbili zile hakuogopa kitu, aliingia chumba cha upasuaji kama anayekwenda sokoni. Sijui ulimwambia nini, wala sikuulizi. Umefanya jambo kubwa.

Kaka yako

8 Juni

Kaka,

Nisamehe salamu leo ni fupi. Mimi sijaongea na mama.

Niliposoma barua yako nilidhani dawa za hospitali zilimchanganya. Jumapili zote mbili sikupiga. Halafu nikakumbuka kwamba wewe hukutaja nani alimpigia nani. Nikafungua orodha ya simu za tarehe 12, zile zilizoletwa kwangu tu. Zilikuwa thelathini na nane. Nilikaa chumba cha tathmini, kule tunakopimia kazi kwa rekodi za simu, nikazisikiliza moja moja, na ya ishirini na sita ni mama.

Alipiga namba ya malalamiko, Kaka. Ile iliyobandikwa kwenye mita ya nyumbani. Alitumia simu ya mtu mwingine, akangoja kwenye foleni dakika arobaini na moja akisikiliza ule muziki wetu wa kinanda. Binti aliyempokea ameandika: mteja ni mzee, hasikilizi, anagombeza, anataka mkubwa. Nikaletewa mimi, maana mkubwa ndiye mimi.

Nakunakilia tulivyoongea, maana sina mwingine wa kumwambia. Shemeji unayemuulizia kila barua aliondoka Desemba. Alisema nikiongea naye nyumbani anajisikia yuko kwenye foleni.

Mimi nimesema: "Habari za asubuhi, unaongea na msimamizi wa zamu, simu hii inarekodiwa. Nikusaidie nini, mama?"

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Akakohoa. "Maji hayatoki."

"Pole sana kwa usumbufu huo. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mwaka jana ndipo nilipokuja mara ya mwisho. Mimi nimesema: "Tunaomba radhi kwa kuchelewa. Naomba namba ya mita."

"Sina. Mambo hayo anayajua binti yangu. Yuko mbali, kazini."

"Naelewa, mama. Koki iliyo karibu na mita umeifungua?"

"Iko wazi. Wewe unakula vizuri, mwanangu? Unalala?"

Kaka, wazee wote wanauliza hivyo. Haipiti siku bila bibi fulani kuniuliza kama nimekula, na wote wananiita mwanangu. Tuna jibu lake: "Nashukuru kwa kunijali. Turudi kwenye tatizo lako." Ndilo nililompa. Na sauti ile haikuwa sauti ya mama ninayoijua, ilikuwa kama sufuria inayokwanguliwa. Ulinionya, nami nikasahau. Na nikuambie lililo baya zaidi: nasikia vidole vyangu kwenye rekodi. Nilikuwa naandika ripoti ya meneja huku naongea naye.

Akakohoa tena, mbali na simu. Kisha akasema: "Kazi hiyo isikumalize. Ukichoka, rudi nyumbani. Hakuna atakayekuuliza umerudi na nini. Mimi sikukasirika hata siku moja, usije ukadhani nilikasirika."

Mimi: "Nashukuru kwa ushauri, mama. Nimeandikisha malalamiko yako na fundi atakupigia. Je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?"

"Hapana, mwanangu. Umenihudumia vizuri. Nimefurahi kukusikia."

Nikakata mimi. Dakika tatu na sekunde hamsini na mbili.

Sijui nifanye nini. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako

27 Juni

Kwako Kasuku,

Hatujambo. Mama anapata nguvu, jana ametembea mpaka karakana yangu na kurudi.

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaisoma tena. Nilitoka nje nikapiga misumari kwenye ubao usio na kazi. Nilikuwa na maneno makali, yakaishia mkononi. Nimekujua tangu unatambaa, sikumbuki hata siku moja uliyomkosea mama kwa makusudi. Lakini ulimkosea, na mimi siwezi kukuambia hukumkosea.

Mama sijamwambia na sitamwambia. Anaamini mmeongea. Acha aamini. Wewe unaniuliza ufanye nini: panda gari uje. Hakuna jingine. Huyu hapa, anakula, anaandika, ana macho mazima. Chumba kiko tayari tangu Aprili na gundi imekauka zamani.

Kaka yako

13 Agosti

Kwako Kaka,

Salamu nyingi kwako, wifi, watoto na mama. Najua nimekaa kimya wiki sita na zaidi. Barua ya kuacha kazi niliiandika siku niliyopokea yako. Iko kwenye droo, ndani ya taulo, pamoja na simu.

Sikuitoa kwa sababu hii. Rekodi zetu hufutwa zikitimiza siku tisini. Nilimwendea fundi wa kompyuta nikamwomba aninakilie moja, akasema sauti za wateja hazitoki nje ya jengo. Nikamwambia ni mama yangu. Akadhani namtania, nilipolia akanipa kiti, lakini hakuninakilia, angefukuzwa. Akaniambia zinazobaki ni za mfano tu, zile tunazowafundishia wapya.

Basi siku ya themanini na nane nilijaza mwenyewe fomu ya kuipendekeza iwe simu ya mfano. Nikaandika: mhudumu ametulia, ameonyesha kujali, amemrudisha mteja kwenye mada mara mbili, amemaliza ndani ya muda, mteja ameridhika. Meneja akaisikiliza akaipa alama tisini na sita, akasema hajapata kusikia mfano mzuri kuliko huu.

Kwa hiyo haitafutwa. Jumatatu niliwasikilizisha wapya kumi na wawili rekodi hiyo. Mama alipouliza kama nakula, binti mmoja wa mstari wa mbele alicheka, si kwa ubaya, na wenzake wakacheka. Niliisimamisha rekodi. Nikasema: "Hapa angalieni namna ya kumrudisha mteja kwenye mada." Nilisema hivyo, Kaka, kwa mdomo wangu, na wakaandika.

Nikiacha kazi, kadi yangu haitafungua tena mlango wa chumba cha tathmini. Utasema mama yuko hapo kwako na mimi nang'ang'ania kivuli chake huku. Ninalijua hilo, lakini alichotaka kuniambia ameshakisema, na kiko kwenye jengo hili, na mimi ndiye mwenye kadi. Nimekwama, na sioni pa kutokea.

Mdogo wako

2 Septemba

Kwako Kasuku,

Sina la kukuandikia leo. Mama ameomba karatasi yake mwenyewe akaandika asubuhi nzima, akanikataza nisisome. Nimesoma. Ninakusihi kitu kimoja, ukimjibu, umjibu vizuri.

Kaka yako

*

Mwanangu Kasuku,

Mimi sijambo. Kaka yako anasema una huzuni na hataki kuniambia ni ya nini, kwa hiyo nadhani ni kwa ajili ya ile simu. Ndiyo maana naandika.

Namba niliinakili kwenye mita siku ile wananipeleka hospitali. Nilijua hiyo lazima uipokee. Simu niliazima kwa mama wa kitanda cha jirani. Yule binti wa kwanza nilimgombeza kwa makusudi ili anipeleke kwa mkubwa. Umwombee radhi, hakuwa na kosa.

Nimesikia una huzuni, nikasema labda unajilaumu kwamba hukuongea nami kama tunavyoongea nyumbani. Usijilaumu. Nilijua umenitambua nilipokohoa tu. Ulisema mwenyewe kwamba wanarekodi, nikaelewa wakubwa wako wanasikiliza na hutaki wajue. Na mimi nikajifanya simjui mtu. Tulicheza vizuri wote wawili. Uliponiuliza mwishoni kama kuna jambo lingine, nilijua wewe ndiye unayeniuliza, si kazi. Ndiyo maana niliingia kule ndani bila woga.

Mimi ni mama yako. Ungekosaje kunijua?

Mama

20 Septemba

Kwako Mama,

Shikamoo. Nimepokea karatasi yako, na hati yako ni nzuri kuliko yetu sote.

Ndiyo, Mama. Nilikutambua ulipokohoa tu. Ni kama ulivyosema, walikuwa wanasikiliza. Yule binti nimemwomba radhi, amecheka, amesema amekusamehe.

Ninakula. Ninalala. Nimejaza fomu nyingine ya likizo na meneja ameitia sahihi leo mbele yangu. Nitakuja tarehe kumi Oktoba, kazi ikiruhusu.

Mwanao,
Kasuku